Hodi ya Ugenini

Sauti ilisema "Hodi," na pasingekuwa na la ajabu hapo, ila walikuwa nchi ya watu, na tangu washuke kwenye basi hawakuwa wamekutana na mtu hata mmoja mwenye Kiswahili cha kuombea maji.

Walikuwa wawili, dada na mdogo wake. Dada alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwanamke wa maneno machache, ncha za vidole vyake zimekuwa sugu kwa sindano. Mdogo wake alikuwa muuguzi, na nyumbani walimwita Chiriku tangu utotoni kwa sababu aliongea hata akipiga mswaki. Yeye ndiye aliyemng'oa dada yake kwenye cherehani akamleta kwenye mji huu, mlango wa kupandia milimani, wenye mto katikati na tao la mawe pale barabara inapoanza kupanda. Wao hawakuja kupanda mlima wowote. Walikuja kula, kulala na kuwatazama wanaojitesa.

Na walistarehe kweli. Siku ya kwanza mhudumu wa mgahawa alipokuja kuondoa vyombo, dada alimwambia "Karibu tena," kama anavyowaambia wateja dukani kwake kutwa nzima.

"Dada, mgeni hapa ni wewe," Chiriku alimwambia, akacheka mpaka akapaliwa.

Hodi ilikuja mchana, kwenye chumba chao cha ghorofani. Chiriku alikuwa amesimama mbele ya kioo, vibanio vya nywele mdomoni. Akajibu bila kugeuka, kama ambavyo wewe na mimi tungejibu.

"Karibu, pita ndani."

Hakuingia mtu. Dada alifungua mlango akakuta korido tupu. Mama mwenye nyumba alipoulizwa kwa ishara na vidole, naye akaonyesha kwa vidole kwamba wageni ni wao wawili tu. Wakalifanya mzaha. Lakini chumbani palikuwa na harufu ambayo dada aliijua kwa kazi yake, ya kitambaa kilichokunjwa kikiwa kibichi kikasahauliwa kabatini. Alifungua dirisha, na harufu haikutoka.

Kesho yake Chiriku aliamka kimya. Alikunywa chai bila sukari, yeye aliyezoea vijiko vinne kwa kikombe, wala hakugundua. Dada alimuuliza kama anaumwa, akatikisa kichwa. Akamuuliza kama amemkosea, akatikisa kichwa vilevile. Mwanzoni dada alifurahia ule utulivu, tusidanganyane. Kisha Chiriku akaweka kiganja ubavuni mwa birika lililokuwa linachemka, akakiacha hapo, macho yake dirishani, kama mtu aliyeegemea ukuta akingoja foleni isogee.

Dada alimvuta. Ngozi ilikuwa imeshababuka.

"Si la moto," Chiriku alisema.

Dada alichomoa pini kwenye ukosi wa gauni lake, maana mshonaji hatembei bila pini, akamchoma mkononi kidogo, kisha si kidogo. Chiriku aliitazama pini ikiingia kana kwamba mkono ni wa mgonjwa wa wodi nyingine. Na pembeni yake, kile kiti cha ukindu walichoanikia taulo kilikuwa hakina taulo tena. Zilikuwa sakafuni, zimekunjwa vizuri, na kiti kililia polepole, kama vinavyolia viti vya ukindu mtu anapojiweka sawa. Dada alirudi nyuma mpaka mlangoni, akitafuta simu mfukoni.

Alimpigia shangazi yao, akamweleza yote tangu ile hodi. Shangazi alikuwa ametibu watu wenye majini kwa miaka mingi kabla miguu haijamstaafisha, na hakuwa mtu wa kutishika.

"Alimjibuje?" aliuliza.

"Alisema karibu," dada alinong'ona.

"Karibu tu?"

"Karibu, pita ndani."

"Basi huyo hakuvamia," shangazi alisema. "Ni mgeni wenu. Mkimfukuza mtagombana naye, na nyinyi hamumuwezi. Msindikizeni. Chiriku ndiye aliyemkaribisha, yeye ndiye amtoe nje ya mji na amuage. Na wewe, mwanangu, ufunge mdomo. Asipate neno la kumrudisha."

Wakashuka ngazi, Chiriku mbele, mkono wake wa kushoto umeinuka kidogo kama ulioshikwa, dada nyuma yake, wakampita mama mwenye nyumba aliyewatabasamia kisha akaacha kutabasamu, wakapita meza za barabarani ambako watu walikunywa kahawa juani na kila meza waliyoifikia ikanyamaza bila wenyewe kujua kwa nini, wakavuka daraja, wakapita maduka ya kofia na fimbo za kupandia mlima, na muda wote dada alisikia nyayo za mdogo wake, na zake, na nyingine nyepesi za mtu asiye na haraka, aliyesimama kwenye kila dirisha la duka ili atazame, nao wakalazimika kusimama naye na kungoja amalize, mpaka likatokea lile tao la mawe na watu wakipigana picha chini yake.

"Tumefika," Chiriku alisema kwa sauti kavu. "Njia yako ni hiyo. Nenda salama."

Mkono wa kushoto ukaanguka. Akautazama ule wa kulia, uso wake ukakunjamana.

"Dada, mkono unaniuma."

Akaanza kulia kwa sauti, na dada hakuwa amewahi kusikia kitu kitamu kama kilio kile. Alimkumbatia. Furaha ilimjaa mpaka akasahau alipo. Ndipo upande wa pili wa tao sauti ya mtu mstaarabu ikasema, "Asanteni kwa ukarimu."

"Haya, karibu tena," dada alijibu.

Lilitoka lenyewe, lilivyozoea kutoka. Chiriku akaacha kulia. Walitazamana. Hakuna aliyelitaja siku ile, wala kwenye basi, wala nyumbani, na shangazi alipouliza kama waliagana naye vizuri, dada alisema vizuri.

Mkono wa Chiriku ulipona, na mdomo wake ukarudi kazini. Shule zilipokaribia kufunguliwa, dada alikuwa peke yake dukani na rundo la mashati meupe, wateja wakiingia na kutoka tangu asubuhi.

"Hodi," mtu alisema mlangoni.

"Karibu, pita ndani," dada alisema bila kuinua kichwa.

Alipomaliza mshono hakuona mtu. Palikuwa na harufu tu, ya kitambaa kibichi. Alijua kwamba ilimpasa kuogopa, akaingoja hofu, haikuja. Basi akaendelea kushona. Baadaye kidogo aliona damu kwenye kola nyeupe, nyingi, na nyingine ikizidi kuingia. Mguu wake ukiwa bado unakanyaga cherehani, akageuka huku na huku kutafuta ni nani aliyeumia.