Kijiti cha Kipimo cha Baba

Kila asubuhi kabla ya kengele, kazi yangu ya kwanza shuleni ilikuwa kubandua chingamu. Wala si zangu. Ni za wale waliotafuna, wakachoka, wakazibandika chini ya dawati. Magoti ya wenzangu wengi hayakufika huko. Yangu yalifika, tena yakakwama. Mimi ndiye mrefu kuliko wote darasa la saba, wananiita Mlingoti, na lile dawati ungedhani ni la watoto wa chekechea. Chingamu ya mtu usiyemjua inakunatia gotini, inavutika kama kamasi... Ptuu! Hata kusimulia kunanitia kichefuchefu.

Kulikuwa na jambo lililonichefua zaidi, nami sikumwambia mtu. Madawati yale aliyatengeneza baba yangu mzazi.

Baba ni seremala. Ukutani katika karakana yake kilining'inia kijiti chenye alama tatu za penseli: urefu wa kiti, urefu wa meza na nafasi ya magoti. Alama hizo alizipima kwangu nilipokuwa darasa la tatu. Nilikaa juu ya kigoda, nimejaa fahari, yeye akichora. Tangu hapo kila dawati la shule yetu lilitoka kwenye kijiti hicho. "Hiki hakijawahi kuniangusha," alipenda kusema, na ole wako ukikigusa.

Basi mimi nilirefuka, kijiti kikabaki vilevile. Nikiandika, kidevu kilikaribia daftari. Ikifika saa sita shingo imekaza na mgongo unawaka moto. "Mlingoti, kaa wima! Acha uvivu!" mwalimu alifoka, na darasa zima likacheka.

Mwishowe baba alinipeleka zahanati. Nesi alinipapasa mgongo, akauliza, "Unakaaje darasani, mwanangu?"

Nilimtazama baba. "Nilianguka nikichota maji," nikajibu.

"Mmh! Kuanguka gani huko kunakokunja mabega yote mawili?" nesi akaguna. "Ukiendelea kujikunja hivi, maumivu hayatakuacha."

Jioni ile nilimkuta baba karakanani na rundo la mbao mpya. Shule ilikuwa imeagiza madawati thelathini ya darasa letu. Alitungua kile kijiti, akakilaza juu ya ubao wa kwanza, akashika msumeno. Nilijiona mchafu kuliko lile dawati. Kwa uongo wangu, watoto wengine wangekunjwa kama mimi.

"Baba, sikuanguka."

"Eti?"

"Sikuanguka. Ni madawati. Ni mafupi, yanatuumiza."

Aliweka msumeno chini polepole. "Miaka minne shule nzima inayakalia, hakuna aliyelalamika. Leo wewe ndiye wa kunifundisha kazi?"

Machozi yalinilenga, lakini sikurudi nyuma. "Basi kesho njoo uyakalie, baba."

Kesho yake kweli alikuja. Aliwasalimu walimu, akajipenyeza kwenye dawati langu, magoti yakagota chini ya meza. Akajaribu kuandika, akajikuta amejikunja kama kamba. Alipotaka kuinuka, suruali ikagoma. Uzi mrefu wa chingamu ulitoka gotini kwake hadi kwenye mbao, wa kijivu, umegandwa na nywele na makombo ya penseli.

"Lo! Uchafu gani huu!" alipiga kelele, uso umemkunjika.

"Chingamu ni yetu, baba. Ufupi ni wako," nikasema, kisha nikajiziba mdomo.

Baba alilitazama dawati lake juu na chini, kama mtu aliyekuta nzi kwenye mchuzi aliokwisha kunywa. Kisha akatoa tepu mfukoni. "Pangeni mstari," alisema. Alitupima mmoja mmoja, nyonga, magoti na viwiko, akaandika yote kwenye kipande cha mbao. Mwalimu naye aliinama kushika ncha ya tepu, na siku hiyo hakumwambia mtu kaa wima.

Baada ya majuma matatu madawati yalifika, ya kimo cha aina tatu. Nilikaa, miguu ikatua sakafuni, mgongo ukanyooka bila kuamrishwa na mtu.

Baba alisimama mbele ya darasa. "Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi," alisema. "Walisema tabia, hawakusema mgongo. Mimi nilikiamini kijiti nikaacha kuwatazama watoto wanaokua. Kazi isiyomfaa anayeitumia ni mbovu, hata ikipigwa msasa ikang'aa. Nawe, binti yangu, ukiniona nimekosea, niambie mapema. Ukinifichia aibu, inakua."

Kisha akachomoa kwapani kile kijiti chake cha kipimo. Alikuwa amekichonga ncha, kimekuwa bapa kama kisu.

"Yale ya zamani yanakwenda darasa la tatu," alisema. "Shika, Mlingoti. Anza kubandua chingamu, na wenzako wote wakusaidie."