Hedi Iliyong'aa

Kufuli la gereji halikuvunjwa. Hilo ndilo lililomtia fundi Spana matatani: hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ilikuwa imeibwa usiku, na mwizi alikuwa na ufunguo.

"Mwaka mzima tumeitafuta!" shemeji wa mjane mwenye gari alifoka. "Kiwanda kiliacha kutengeneza magari haya zamani. Jana imefika, leo imeyeyuka? Inspekta, mfunge huyu!"

Mjane alimtazama Spana kwa uchungu. Gari lilikuwa la marehemu mumewe, na alikuwa ameapa kuliendesha mwenyewe.

Inspekta, mwanamke mfupi asiye na papara, aliegemea meza, mkono wa shati ukagusa chuma kilichojaa grisi nyeusi. Akasonya. "Jana ulifanya nini, fundi?"

"Wote walipoondoka niliosha vyuma kwa petroli, nikafunga. Funguo ziko mbili, wangu na wa mama."

"Wangu uko kwenye mkoba," mjane alisema. "Na huo mkoba nashinda nao kwenye gari la shemeji. Ndiye anayenipeleka kila mahali."

Fundi wa jirani, aliyekuwa akiitamani hedi hiyo kwa ajili ya mteja wake, aliitwa. "Kutamani si kuiba," alisema akicheka, akiutazama mkono wa shati la Inspekta. "Ningeiba mimi, hiyo grisi ingekuwa kwenye shati langu, si lako."

Inspekta alimgeukia shemeji. "Wewe uliiona hiyo hedi?"

"Niliiona, ilikuwa hapo mezani. Mpya kabisa, inang'aa kama sufuria ya mgeni!"

Inspekta aligonga kile chuma chenye grisi pale mezani.

"Mpya ni hii yenye grisi," Inspekta alisema. "Hupakwa isishike kutu. Fundi Spana aliniambia kwenye simu, nikamwomba afunge mdomo. Iliyoibwa ni ile ya zamani, ina ufa. Mchana ilikuwa nyeusi tii. Imeng'aa fundi alipoiosha, baada ya nyinyi kuondoka. Sasa wewe uliionaje inang'aa?"

Shemeji alimgeukia mjane.

"Gari likiwaka, mimi utanihitajia nini?" alisema, machozi yakimlenga. "Tangu kaka afe, huendi popote bila mimi."

"Ndiyo maana nilitaka liwake, shemeji. Na ukaona bora fundi wa watu afungwe?"

Mjane alimwomba Spana radhi, kisha akamtazama shemeji akitiwa pingu.

"Nitakuja kukuona mahabusu," alisema. "Nitajiendesha mwenyewe."