Mlango Nilioupiga Rabot Mara Tano

Majirani zangu wa Bel-Air, na ninyi wa mtaa wa Kenya, hapahapa Lubumbashi, mnaopita kwenye karakana yangu kila asubuhi kuulizia viti vyenu, kaeni kidogo. Mimi ni Constantin, menuisier, yaani seremala, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Viti vitangoja. Leo nawasimulia habari ya mlango mmoja, na aibu yangu mwenyewe imo ndani, kwa hiyo msinicheke kabla sijamaliza.

Nyumba ya Paluku mnaijua, yule mfanyabiashara wa Butembo mwenye malori. Jumapili mchana ilikuwa raha kupita pale. Mke wake, Geneviève, alikuwa anasonga bukari, ugali wetu, na Mama Masika, mama mzazi wa Paluku, aliketi barazani akikaanga beignets, maandazi yake, na kuchokoza kila mpita njia. Akishakula, mama alijiingilia chumba chake cha kona, akafunga mlango na kulala kidogo. Chumba hicho Paluku alimjengea alipomleta kutoka Butembo. Alimpenda mama yake kweli, hilo simnyimi.

Basi, mlango wa chumba hicho ndio ulioanza vita. Kila baada ya wiki chache ulikwama, nami niliitwa. Nilikuja, nikatoa rabot yangu, randa ya kulainishia mbao, nikaunyoa ukingo kidogo, ukafunga. Mvua ikinyesha, unakwama tena, naitwa tena. Paluku alinitania mbele ya watu kwamba mbao zangu ni mbichi. Mbao mbichi! Mbao za mlango ule zilikuwa zimekaa karakanani kwangu mwaka mzima zikikauka.

Mimi nilijua kinachokwamisha mlango. Nilijua kabla hata haujatengenezwa.

Mnavijua vichuguu vyetu vya hapa Lubumbashi, vile virefu kuliko nyumba. Udongo wake ni mtamu kwa matofali, na kuta nyingi za mji huu zilitoka humo. Pale kwenye kona ya Paluku palikuwa na kichuguu, na mimi na baba yangu tulikichimba hadi chini kabisa tukachoma matofali. Likabaki shimo. Watu wakalijaza majani, vigae na takataka, mvua zikalisawazisha, miaka ikapita, parcelle, kile kiwanja, ikauzwa. Siku niliyoona maçon, fundi mwashi, anapima kona ile, nilimwendea mwenye nyumba.

"Patron," nikamwambia, "hapa kulikuwa kichuguu. Siye njo tulikichimba. Chini hakuna udongo ya nguvu, ni takataka tu. Muchimbe mpaka mukute udongo ngumu, ao mujenge upande ingine."

Paluku akanitazama kuanzia viatu hadi kofia. "Papa Constantin, weye uko menuisier. Mambo ya mbao ni yako. Ya chini utuachie."

Watu wakacheka. Nikaondoka nikiwa nachemka, na njiani nikaapa: hata nyumba ile izame mpaka bati, mimi kinywa changu nimefunga. Juu ya hayo yote, Paluku akaweka tanki kubwa la maji kwenye kona ileile, na bomba lake likavuja polepole ardhini, usiku na mchana. Nililiona. Nikanyamaza.

Siku ya rabot ya tano nilimkuta mgeni. Alikuwa Abigaëlle, binti wa kaka yake Geneviève, ingénieur wa majengo. Huyo binti hakuketi hata kunywa maji. Aliona kalenda kubwa ukutani, karibu na mlango, akaifunua. Nyuma yake kulikuwa na ufa unaoingiza kidole.

"Tante, hii iko na siku ngapi?"

"Ah, ni rangi tu njo ilipasuka," Geneviève akasema, lakini hakumtazama usoni.

Abigaëlle akakoroga plasta kidogo, akaipaka kama ukanda juu ya ufa, akaandika tarehe. "Kama hii plasta ikipasuka, ukuta iko inatembea. Mama asilale humu kwanza."

"Nikimbie kitanda yangu ju ya plasta?" Mama Masika akacheka. "Mwanangu alinijengea. Sitoke!"

Kisha binti akauliza swali la maana kuliko yote. "Tonton, mbele ya kujenga hii nyumba, hapa kulikuwa nini?"

"Kulikuwa majani," Paluku akajibu.

Abigaëlle akanigeukia mimi. Nami, majirani zangu, niliinamisha kichwa nikatazama maranda ya mbao miguuni pangu. Neno moja tu lilihitajika. Nililimeza, kwa sababu ya kicheko cha siku moja.

Wiki iliyofuata mvua ilipiga tangu asubuhi. Saa nane mchana Geneviève ananipigia simu. Mlango umekwama, mama yuko ndani, na dirisha lina antivol, vyuma vile tunavyoweka kuzuia wezi. Nilikimbia na msumeno wangu. Plasta ilikuwa imepasuka katikati ya tarehe, ufa umekuwa wa mkono mzima, na Paluku ameinua nyundo kubwa juu ya mlango.

"Tonton, acha!" Abigaëlle, aliyepigiwa simu kama mimi, alishuka kwenye pikipiki akiwa matope hadi magotini. "Linteau, hii béton ya juu, imekalia mulango! Ukivunja mulango, inaangukia mama!"

Paluku akashusha nyundo.

"Chini ya kona kuko nini?" binti akapiga kelele. "Nani anajua?"

"Kichuguu!" nikasema, na ilitoka kama kikohozi kilichokaa miaka. "Shimo ya kichuguu, inapita urefu ya muntu, bantu baliijaza takataka. Na tanki inavuja mule ndani!"

Hakupoteza muda kunilaumu. Alituma watu watoe maji ya tanki kwa mpira hadi mfereji wa barabarani, tone lisimwagike kwenye kona. Jirani yetu Osée alikuwa na miti ya kuezekea. Aliitoa yote bila kuulizwa. Tukalaza ubao chini, tukasimamisha miti miwili, tukaikaza kwa kabari hadi ikabeba linteau. Ndipo Abigaëlle akaniambia: "Papa, kata ubao ya katikati tu. Fremu usiiguse."

Nikakata. Jasho na mvua vikachanganyika machoni. Kutoka ndani ikaja sauti ya Mama Masika:

"Constantin! Mara tano umekula mulango yangu. Leo unaimaliza?"

Hata Paluku alicheka, machozi yakimtoka. Tundu lilipokuwa tayari, kwanza ukatoka mto, kisha Biblia, kisha kikaango cha beignets, na mwisho mama mwenyewe, huku akitugombeza tumvute polepole.

Paluku akapiga magoti matopeni. "Mama, unisamehe."

"Miye niko muzima," mama akasema. "Musamaha uombe kwa huyu muntu ya mbao."

Akaniomba, mbele ya watu walewale walionicheka. Nami nikamwomba yeye. Tulikuwa tungali tumeshikana mikono kona ikashuka, na matofali yakajaza kitanda cha mama.

Matengenezo aliyasimamia Abigaëlle. Walichimba chini ya ukuta kipande kwa kipande, urefu wa hatua moja tu kila mara, wala hawakufungua vipande viwili vinavyofuatana, ili nyumba isikose pa kukanyaga. Kila kipande kilishuka hadi udongo mgumu, kikajazwa mawe na béton, yaani zege, kikakauka, ndipo kingine. Tanki likahamishwa mbali. Mlango mpya nilitengeneza mimi.

Mafunzo

Majirani, mlango unaokwama na ufa unaorudi ni nyumba inayolalamika; usiinyamazishe kwa rabot wala kalenda. Kabla ya kujenga, waulize wakaaji wa zamani kilichokuwa pale, kisha mwite mwenye ujuzi. Maji yapelekeni mbali na msingi. Hayo ni ya Paluku.

La kwangu ni hili: ukijua hatari, iseme, na ukichekwa, iseme tena. Mimi nilikuwa na hasira na Paluku, lakini aliyelala chini ya ukuta ule alikuwa mama yake, ambaye kila Jumapili alinipa beignets.

Nusu ya mlango wa zamani ni meza ya Mama Masika sasa, pale barazani. Paluku akianza kusema "Miye najua," mama anaigonga mara tano. Nikipita nami nikanyamaza sana, ananigongea vilevile.

Mvua za msimu mzima zimepita. Mlango mpya unafunga kwa kidole kimoja, na rabot yangu haijaugusa.