Mieleka ya Ziwa la Chumvi

Enzi ambazo falme za Ihanja na Rukoma ziligombea ziwa la chumvi, mieleka haikuwa mchezo wa sikukuu. Ilikuwa vita iliyopunguzwa watu. Kila mfalme alitoa bingwa mmoja, na bingwa aliyeshindwa kuinuka, watu wake walikosa chumvi hadi mavuno mengine. Kukaba koo, kuuma, kuvunja viungo, yote yaliruhusiwa.

Mwaka mmoja Ihanja ilimtuma Byabato, mtu mrefu wa mabega mapana, aliyevaa ngozi ya chui aliyopewa na mfalme. Njiani, akivuka mto uliofurika, maji yalimzoa. Aliyeruka kumwokoa hakuwa mtu wake, bali Kaijage, bingwa wa Rukoma, ambaye msafara wake ulikuwa umefika ng'ambo. Gogo lililokuja na mkondo lilimgonga Kaijage begani, lakini hakumwachia mwenzake.

Walipofika ukingoni, Kaijage alijifunga upya vazi lake la gome la mti, akalifunika bega lililokwisha kuvimba.

"Bwana, umeumia," Byabato alisema.

"Nimeumia. Lakini wazee wangu wakijua watamtoa mdogo wangu badala yangu, naye bado mwembamba. Nakuomba, hili libaki kati yetu."

"Litabaki," Byabato aliahidi.

Siku ya pambano, ngoma zilipigwa kando ya ziwa, na watu wa falme mbili wakazunguka uwanja. Hata kwa bega bovu, Kaijage alikuwa fundi. Alimwangusha Byabato, akamkalia, akaanza kumkaba. Byabato aliona macho yakiingia giza. Akasikia watu wa Ihanja wakilia, akamkumbuka mkewe na sufuria zisizo na chumvi. Mkono wake ukapanda wenyewe hadi kwenye lile bega, akalivuta na kulisokota kwa nguvu zake zote.

Mfupa ulilia. Kaijage hakulia. Alimtazama tu, kisha akazimia.

Ihanja walimbeba Byabato juu juu hadi kwao. Waimbaji wakamtungia sifa, mfalme akampa ng'ombe. Lakini kila alipoletewa chakula, chumvi ilimkwama kooni, akakisukuma kando. Mkewe aliudhika.

"Nchi nzima inakula jasho lako, baba, wewe unafunga?"

Hatimaye Byabato alivuka mpaka bila silaha, akamkuta Kaijage uani akijaribu kupasua kuni kwa mkono mmoja. Ule mwingine ulikuwa umenyauka. Byabato akapiga magoti.

"Nimekuja kukuomba msamaha, ndugu yangu."

"Umekuja ili upate usingizi," Kaijage alijibu bila ukali. "Msamaha wangu utakufaa wewe tu. Watu wangu wanakula majani yasiyo na ladha. Nenda kaseme mbele ya mfalme wako."

Byabato akaenda, akasema yote barazani, wazee wakisikia. Mfalme akaagiza avuliwe ngozi ya chui.

"Chumvi tumekwisha kuila," alisema, "na wewe umetutia aibu. Usilale tena katika nchi yangu."

Byabato akajenga kibanda mpakani, mahali pasipo na mwenyewe. Vijana wa pande zote mbili waliopita na mifugo walimwomba awafundishe mieleka, naye akawafundisha kwa sharti. Hakuna kukaba wala kuvunja. Mgongo ukigusa mchanga, basi. Na kabla ya kushikana, kila mmoja amuulize mwenzake, "Unaumwa wapi?" Akionyeshwa, asipaguse hapo.

Mchezo ule ulienea. Wafalme wapya walipendelea kugawana ziwa kuliko kuligombea kwa mabingwa, na mieleka ikawa ya mavuno na harusi, wanawake wakipiga vigelegele. Kaijage hakuja kuitazama hata mara moja.

Byabato akazeeka. Wapita njia walimwambia kwamba huko vijijini watu humtaja kuwa mtu wa huruma, aliyewafundisha wapiganaji kuulizana habari za maumivu. Kila aliposikia hivyo alinyanyuka, akaingia kibandani, akafunga mlango.

Na hivyo ndivyo anavyotajwa mpaka leo.