Filta ya Pamba kwenye Gari la Mama

Gari lilizimika katikati ya mzunguko wa barabara, saa mbili kasorobo asubuhi. Mama aliyekuwa ndani alitakiwa awe hospitali ya macho saa mbili kamili, akatolewe mtoto wa jicho. Alifika saa mbili na nusu, kwa teksi, akakuta nafasi yake amepewa mtu mwingine. Gari hilo lilikuwa limetoka mikononi mwa fundi siku mbili tu kabla, na fundi mwenyewe alikuwa anataka kumuoa binti wa huyo mama.

Gereji walimwita Malori, kwa sababu kazi aliijulia kwenye malori ya zamani kabla hajahamia magari madogo. Miaka thelathini na sita, mabega mapana, ovaroli iliyopauka magotini, na mtu asiyejua kutulia. Hata chai aliinywa akizunguka gari. Binti walimwita Risiti, maana kwenye duka la vipuri alikouza, ukinunua nati moja anakuandikia risiti, upende usipende.

Walikutana Jumamosi, kaunta imejaa watu wanasukumana na kunyoosha vyuma vibovu juu ya vichwa vya wenzao. Risiti alivaa shati jeupe la mikono mirefu, ameikunja hadi kwenye viwiko, na kilemba cha njano. Katikati ya grisi yote ile, shati halikuwa na doa.

“Dada, nipe filta ya hewa. Ya karatasi.”

“Ninayo ya pamba pia, kaka. Unaiosha, unaipaka oili, unairudisha. Miaka na miaka. Inapitisha hewa nyingi, injini inapumua vizuri.”

“Injini haina mapafu. Bei?”

Akamtajia.

“Kwa bei hiyo si napata za karatasi saba!”

“Na utarudi hapa kupanga foleni mara saba.”

Malori alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. “Basi nipe ya karatasi. Nikinunua ya pamba nitakosa sababu ya kurudi.”

Nyuma yake mtu akapiga mluzi. Risiti hakucheka, ila risiti aliyoiandika, pale pa jina la mnunuzi, ilisomeka: Mteja wa Karatasi.

Alirudi Jumatatu. Alirudi Jumatano na hakuwa na cha kununua. Miezi saba baadaye walikuwa wanapigiana simu kila mchana, na ugomvi wao ulikuwa uleule.

“Karatasi inashika vumbi laini, mpenzi. Vumbi lile usiloliona ndilo linalokula injini.”

“Kwa anayekumbuka kuibadilisha. Nimeona karatasi za wateja wako, zimeziba mpaka zinafanana na tofali.”

“Na pamba yako inaongeza nini? Nguvu ya farasi mmoja?”

“Wawili. Mmoja wa kukubeba wewe, maana ni mzito.”

“Nakupenda, we mwanamke.”

“Rudi kazini.”

Mama yake alikuwa miongoni mwa wasiokumbuka kubadilisha. Kwa hiyo Risiti alinunua filta ya pamba kwa mshahara wake, akaiweka mwenyewe kwenye gari la mama. Ulipofika wakati wa kuiosha mara ya kwanza, akampa Malori.

“Kwenye boksi kuna kikaratasi cha maelekezo. Kisome.”

“Roho yangu, mimi nilianza kutia oili kwenye filta wewe ukiwa shule ya msingi.”

Hakudanganya. Kwenye malori yale, filta ya hewa ilikuwa bakuli la chuma. Unamimina oili mpaka kwenye alama, hewa inapita juu yake, vumbi linazama humo. Kosa kubwa lilikuwa kuweka oili kidogo. Basi Malori akaiosha filta ya pamba vizuri, akaianika mpaka ikakauka, kisha akaimiminia oili mpaka ikachuruzika. Aliikung’uta mara mbili. Gari lingine lilikuwa linamsubiri, na la tatu, na miguu yake ilishaanza kuondoka kabla hajamaliza. Akaifunga vilevile imelowa.

Siku mbili baadaye simu ikalia.

“Gari la mama limezima. Tuko kwenye mzunguko. Njoo, tafadhali, njoo haraka.”

Alifika kwa pikipiki. Honi zilikuwa zinalia pande zote. Risiti alisimama barabarani kwa gauni la bluu la kutokea, viatu mkononi, anapungia magari yapite. Mama alikaa kiti cha abiria amejifunika kanga safi, miwani myeusi machoni, bahasha ya hospitali mapajani.

Malori akafungua boneti, akatoa filta, akachungulia. Bomba la hewa lilikuwa linang’aa oili. Ndani yake kuna sensa, kidude chenye waya mwembamba kama unywele, kinachopima hewa inayoingia ili injini ijue inywe mafuta kiasi gani. Waya ulikuwa umepakwa oili na vumbi juu yake. Injini ilikuwa imepewa vipimo vya uongo mpaka ikakata tamaa.

Alijua palepale. Hakuhitaji hata dakika.

“Fundi, ni nini?” mama akauliza kupitia dirishani.

Mdomo wa Malori ukatangulia. “Ni hii filta ya pamba, mama. Mimi nilisema tangu mwanzo. Ya karatasi isingefanya hivi.”

Kila neno lilikuwa kweli. Ya karatasi haipakwi oili, isingeweza kufanya hivyo. Risiti aliacha kupungia magari. Alimtazama, akamtazama mama, akavaa viatu vyake na kwenda kutafuta teksi.

Baada ya hapo simu haikupokelewa. Malori alisafisha sensa kwa dawa yake, ikagoma, akaweka nyingine. Filta ya pamba aliitupa kwenye pipa la vyuma. Alirudisha gari mama akiwa amelala na binti akiwa kazini, akaacha ufunguo kwa jirani. Siku zikaenda. Alifungua injini zisizo na ugonjwa. Alianza kazi tatu kwa wakati mmoja, akasahau spana ndani ya moja. Mwenye gereji akamwambia aende nyumbani akalale. Akaenda, akakaa kitandani dakika tano, akarudi kazini.

Siku ya kumi na mbili, mchana, jina la Risiti likatokea kwenye simu.

“Nimeziondoa filta zote za pamba kwenye rafu,” Risiti akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. “Nimemwambia tajiri siziuzi tena.”

“Kwa nini?”

“Mama anapapasa ukuta kwenda jikoni. Jana kamimina chumvi kwenye chai. Na mimi ndiye niliyemuwekea ile filta. Sikupigii kukulaumu. Nakupigia unisamehe. Wewe ulisema karatasi, mimi nikajifanya najua.”

Malori alikuwa amesimama. Kwa mara ya kwanza katika siku kumi na mbili, hakusogea.

“Upo?”

“Nipo.”

“Basi sema umenisamehe.”

“Nakuja.”

Aliwakuta sebuleni, mama kwenye kochi, binti anamenya viazi sakafuni.

“Keti, baba,” mama akasema.

“Siwezi kuketi, mama. Nikiketi sitasema.” Akasema. Bakuli la malori, oili iliyochuruzika, waya wa sensa. Alisema yote akitazama viazi. “Filta haikuwa na kosa. Na binti yako hana kosa.”

“Kwa hiyo gari langu dogo ulilifanya lori.”

“Ndiyo, mama.”

Risiti aliweka kisu chini. “Pale barabarani, ulipochungulia, ulijua?”

“Nilijua.”

“Kabla hujamjibu mama?”

“Kabla.”

Akainuka, akaingia chumbani, akarudi na kikaratasi cha maelekezo. “Msomee mama.”

Alisoma polepole, kidole chini ya kila mstari. “Paka oili kidogo, mstari mmoja kwa kila mkunjo. Subiri dakika ishirini inywe. Futa inayozidi.”

“Dakika ishirini?” mama akauliza.

“Ndiyo, mama.”

“Tu?”

Risiti akakichukua kikaratasi, akakikunja. “Sasa nenda. Mimi nitakupigia. Wewe usinipigie.”

Alimpigia baada ya wiki mbili. Ilikuwa simu fupi.

“Bado unataka kunioa?”

“Nataka.”

“Mimi pia, na nimejikasirikia sana kwa hilo. Lete filta ya karatasi, uje uiweke nikiwa nimesimama hapo.”

Mama alipata nafasi nyingine, akatolewa mtoto wa jicho. Bandeji ilipofunguliwa alimtazama Malori kwa muda mrefu. “Kumbe una mvi,” akasema. “Ningejua ningekuita kaka.” Wakaoana mwezi uliofuata.

Hasara ilikuwa hii. Dakika ishirini ambazo Malori hakuzisubiri zilimpa mama wiki kumi na moja zaidi za ukungu, na katika wiki ya tisa akajikwaa kizingitini, akavunjika mkono wa kulia, ambao mpaka leo haufungui mfuniko wa chupa. Sensa moja iliharibika. Filta moja nzima ikatupwa. Risiti alibeba kosa lisilo lake siku kumi na mbili. Na sasa ni mwaka wa nne wa ndoa, na kila Malori anapomaliza kushughulikia gari la nyumbani na kufunga boneti, mkewe hutoka nje, akaifungua tena, akaangalia.