Aliyempiga Mshika Kibendera

Kila Jumatatu kabla ya kengele, wanafunzi wa darasa la sita walimzunguka Chiriku awasimulie mechi. Walimpa jina hilo kwa sababu hakujua kunyamaza, na kaka yake alikuwa mshambuliaji wa timu kubwa ya mji.

"Eti kaka yako ndiye aliyempiga mshika kibendera?" rafiki yake alimuuliza.

"Nani, kaka yangu? Thubutu!" Chiriku alijibu upesi. "Wachezaji walimzonga kwa sababu alikataa bao lao. Aliyempiga hajulikani."

Kumbe alijua. Jumamosi alikaa safu ya mbele, akaona kiwiko cha kaka kikitua usoni mwa yule mzee. Nyumbani kaka aliapa mbele ya mama kwamba hakumgusa mtu. Chiriku aliinamia sahani yake, akaendelea kula.

Jioni mama alimtuma kwa fundi cherehani mpya akachukue sketi ya shule. Alipoingia, moyo ulimlipuka. Fundi alikuwa yule yule mshika kibendera! Jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba hadi likafumba.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Imebaki kushona upindo tu. Hebu nitungie uzi. Hili jicho lililobaki linataka kufanya kazi ya wawili, halijazoea!"

Fundi alicheka. Chiriku hakuweza. Alijaribu kutunga, uzi ukagoma kupita kwenye tundu la sindano mara tatu.

"Ulimwona aliyekupiga?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sikumwona. Na siwezi kumsingizia mtoto wa watu."

Chiriku aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto. Alirudi nyumbani mbio, akamkuta kaka sebuleni akisafisha viatu vya mpira.

"Kaka, nilikuona," alisema huku akilia. "Na leo nimedanganya darasa zima kwa ajili yako. Fundi hata sindano haioni!"

Brashi ilimdondoka kaka. Mama, aliyekuwa mlangoni, alisogea.

"Ni kweli, mwanangu?"

"Ni kweli, mama. Niliogopa kufungiwa."

Kesho yake kaka alikwenda mwenyewe mbele ya kamati ya nidhamu ya ligi, akaeleza yote. Akafungiwa mechi nane. Siku hiyo hiyo Chiriku alisimama darasani na kusema, "Jana niliwadanganya. Ni kaka yangu aliyempiga." Wengine walimcheka, naye akavumilia.

Jioni ndugu hao wawili walikwenda kwa fundi. Kaka alipiga magoti kati ya vipande vya vitambaa, akamweleza yote, hata uongo wa darasani na adhabu ya mechi nane.

"Nimekosa, mzee wangu. Nisamehe."

Fundi aliacha kushona.

"Nimekusamehe. Lakini mechi zako nane uzikae zote, usimtume mtu aombe zipunguzwe. Hasira ilikushinda kwa dakika moja, na hilo linaweza kumpata yeyote. Ila ulipokana, ulimtwisha mdogo wako uongo akaubebe hadi shuleni. Ukikosa, sema mapema, kabla wengine hawajaanza kukubebea."

Kaka alimgeukia Chiriku. Alimshika mkono, akasema, "Nisamehe na wewe, mdogo wangu."