Fundi, Niwashe?

Nilikuwa nimeshafunga mkoba wa vifaa, nawaza kwenda kuoga, simu ikalia. Sikuhangaika kutazama jina. Nani mwingine hupiga jua likizama kama si meneja wa ukumbi, yule tuliyempachika jina la Mara Moja?

“Fundi, taa za jukwaani zimekufa. Wageni wa harusi wako njiani. Njoo mara moja.”

Taa zile zile! Asubuhi nilizikagua, zote zinawaka. Lakini mimi ni fundi umeme wa ukumbi wa watu wote, na kitu cha watu wote kila mtu anajiona ana haki ya kukiharibu. Wapambaji wanapigilia misumari bila kuuliza waya umepita wapi. Wapiga muziki wanachomeka vyombo vyao vyote kwenye soketi moja mpaka inanuka. Panya nao darini wana sherehe zao. Kikifa kitu, fundi anatafutwa kama mwizi. Kikipona, hakuna anayekumbuka kwamba kuna fundi.

Nilirudi nimevimba.

Ukumbi ulikuwa mtupu. Wapambaji walishamaliza wakatoka, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe, maua yamejaa jukwaani. Mwenzangu, ambaye husimama kwenye swichi mimi nikiwa juu, alikuwa nyumbani anauguza mke. Kwa hiyo nilikuwa peke yangu. Niliingia chumba cha swichi nyuma ya jukwaa, nikashusha swichi kuu, nikarudi kusimamisha ngazi.

Kule juu nilikuta nilichotarajia. Kikasha cha maungio kimeungua, nyaya zimeachia. Nikabana tochi mdomoni, nikakata, nikamenya. Shaba tupu ikabaki vidoleni mwangu.

Ndipo nikasikia kutoka chumba cha swichi:

“Fundi, niwashe?”

Sauti ya kijana. Ya adabu kabisa. Nikajua ni mpambaji mmoja amebaki, anajifanya kusaidia.

Nikatema tochi. “Bado!”

Nikairudisha tochi mdomoni.

Nikaendelea kusokota waya. Jasho linanichoma macho, na huku simu inatetemeka mfukoni, Mara Moja tena.

“Fundi... niwashe?”

“Nimesema bado! Na utoke humo ndani, hicho si chumba cha kuchezea!”

Safari hii alikaa kidogo tu.

“Niwashe?”

Nikashuka. Nilishuka kwa hasira, nikiwa na hotuba nzima tayari mdomoni. Nikasukuma mlango wa chumba cha swichi.

Hapakuwa na mtu.

Chumba kile kina mlango mmoja, hakina dirisha, na mtu hawezi kujificha humo hata akiwa mwembamba kama ufagio. Kulikuwa na harufu... ya nywele zilizoungua. Nikagusa mpini wa swichi kuu. Ulikuwa bado chini, kama nilivyouacha.

Ila ulikuwa na unyevu. Kama mtu aliyetoka jasho la kiganja ameushika muda mrefu, anasubiri kuambiwa.

Sikutaka kufikiri. Nilitoa kufuli mkobani, nikaifunga swichi ikiwa chini, ufunguo nikautia mfukoni. Nikajiambia: awe mtu, awe paka, hapa hakiwaki kitu. Nikapanda tena.

Nilikuwa nimeshika ncha za waya mlango mkubwa ulipofunguliwa kwa kishindo. Mara Moja huyo, anapapasa gizani, anagonga viti.

“Fundi! Mbona bado giza? Bibi harusi yuko getini!”

“Nipe muda kidogo, bosi.”

Na ile sauti, taratibu, kutoka nyuma ya jukwaa:

“Niwashe?”

“Washa bwana!” Mara Moja akafoka. “Unangoja nini?”

“Usi—”

Nilirusha mikono nyuma.

Kat!

Cheche ya buluu iliruka mbele ya uso wangu, na taa zote za ukumbi zikawaka, isipokuwa zile za jukwaani nilizokuwa nazirekebisha. Nilining'inia kwenye ngazi kwa kiwiko, nanusa nyusi zangu zilivyoungua. Ncha za waya zilikuwa wazi, zina umeme, juu kabisa ya kiti cha bibi harusi.

“Si unaona?” Mara Moja akapiga kofi moja. “Ukitaka unaweza. Na huyo msaidizi wako mwambie aache kuuliza uliza, awe anafanya.”

“Bosi, sina msaidizi.”

Nilishuka, nikamshika mkono, nikamkokota mpaka chumba cha swichi. Kufuli lilikuwa pale pale. Mpini uko chini. Nikatoa ufunguo mfukoni, nikamwonyesha. Juu ya vichwa vyetu taa inawaka.

Alitazama kufuli, akatazama taa. Halafu akanyoosha tai yake.

“Taa zinawaka au haziwaki?”

“Zinawaka, lakini umeme...”

“Basi. Malizia hizo za jukwaani, wageni wanaingia.”

“Zina moto, siwezi kuzigusa! Na hakuna pa kuzima! Usimruhusu mtu kukaa pale!”

“Fundi, usiniharibie siku.” Akaondoka, anatabasamu kwa wageni kabla hajawafikia.

Nilitaka kulia. Miaka yote hii nimejifunza kuogopa umeme ninaoujua. Huu sikuujua ulikotoka.

Nyuma yangu ndoo ikawekwa chini. Alikuwa Mama Usafi, mama mtu mzima anayefagia ukumbi. Alikuwa ametoka kuchota maji bomba la nje. Alitazama kufuli, kisha akaninong'oneza kana kwamba kuna mtoto amelala.

“Nani amemjibu?”

“Meneja.”

Akafunga macho. “Siku zote huwa namjibu mimi. Leo nimekwenda kuchota maji tu...”

“Mama, zima hiki kitu kama unakijua. Kuna watu wanakuja kukaa chini ya waya.”

Wageni walishaanza kuingia, vigelegele vinavuma. Mama Usafi akalisogelea lile boksi la swichi, akaweka paji la uso wake kwenye bati, akasema polepole:

“Zima, kaka. Zima, mdogo wangu. Bado.”

Kat.

Ukumbi mzima ukawa giza. Watu wakaguna, mtoto akapiga kelele, Mara Moja akaliita jina la kazi yangu kwa namna ambayo sitairudia. Sikumjali. Nilikimbilia ngazi na tochi mdomoni, nikaziunga zile nyaya, nikazifunga utepe, nikafunga kikasha. Mama Usafi alisimama mlangoni kwenye chumba cha swichi muda wote, na kila baada ya kitambo nikamsikia: “Bado... bado, kaka... bado.”

Nilipomaliza nilifungua kufuli mwenyewe, nikainua mpini mwenyewe. Harusi ikaendelea. Mara Moja alinisema mbele ya wapiga muziki kwa kuwaweka wageni gizani. Nikakusanya vifaa vyangu.

Mama Usafi alinieleza tulipokuwa tunatoka. Mdogo wake wa kiume alikuwa msaidizi wa fundi wa hapo, miaka mingi kabla yangu mimi. Jioni moja fundi yuko juu, watu wanaburuta viti. Kijana akauliza kama awashe. Akasikia kama “washa”, akawasha, na fundi akafa pale pale juu ya ngazi. Waliokuwa karibu na jukwaa walisema fundi hakusema hivyo. Alisema “usiwashe”, kelele za viti zikala mwanzo wa neno.

“Kwa hiyo ni roho yake,” nikasema. “Alikufa lini?”

“Nani amekuambia amekufa?”

Kesho yake jioni nilikwenda nyumbani kwa Mama Usafi. Sijui kwa nini nilikwenda. Pengine nilichoka kubishana na kitu nisichokiona. Chumba kilikuwa kisafi, pazia limefungwa, na kwenye kiti karibu na ukuta alikaa mwanamume mwenye mvi. Macho wazi, hayapepesi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeinuka kidogo, umeshika hewa. Kiganja kinatiririka jasho.

“Jua likizama huwa hivi,” dada yake akanong'ona. “Mwili uko hapa. Yeye hayupo.”

Midomo ikacheza. Ikatoka ile sauti ya kijana, kwenye uso wa mzee.

“Fundi... niwashe?”

Mama Usafi akafungua mdomo kusema bado. Nikamzuia. Nilipiga magoti mbele ya kile kiti, nikaushika ule mkono. Ulikuwa wa baridi.

“Usiwashe,” nikasema, neno zima, polepole, ili asipoteze hata herufi. “Kazi imekwisha, ndugu yangu. Fundi ameshashuka. Rudi nyumbani.”

Macho yake yakapepesa. Dada yake akashika ukuta. Mkono ukalegea ndani ya mikono yangu, na yule mtu akanitazama, kwa mara ya kwanza, kama mtu anavyomtazama mtu.

“Ameshuka?” Sasa ilikuwa sauti ya mzee, imekwaruza.

“Ameshuka.”

Kisha akageuza uso wake taratibu kuelekea upande uliko ukumbi, akatega sikio.

“Basi yule aliye juu,” akauliza, “anayeniambia kila siku niwashe... ni nani?”